Sura ya Saba: Pilipili Bila Mchuzi

Mwaka 2011 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya nne ya Pirates of the Caribbean, iliyoitwa On Stranger Tides. Magazeti yaliandika kwamba imegharimu dola milioni 250. Miaka mitatu baadaye jarida la Forbes likachapisha habari nyingine, iliyotoka katika hesabu za kampuni tanzu ya Disney iliyosajiliwa Uingereza. Humo gharama ilisomeka dola milioni 410.6. Hata ukitoa milioni 32.1 ambazo serikali ya Uingereza ilizirudisha kama nafuu ya kodi, zinabaki milioni 378.5. Hakuna filamu iliyokuwa imewahi kula fedha kiasi hicho.

Aliyeitoa siri hiyo ni sheria ya kodi. Studio ya Marekani huzichanganya gharama za filamu zake zote katika hesabu moja kubwa ya kampuni, na mtu wa nje hawezi kujua ipi imekula nini. Uingereza humpa nafuu ya kodi anayekwenda kupiga picha kwake, ila kwa kawaida kila filamu huundiwa kampuni yake, na kampuni hiyo huwasilisha hesabu ambazo raia yeyote anaweza kuzifungua akazisoma. Disney ilizitaka zile milioni 32, kwa hiyo ikalazimika kuonyesha mfuko.

Bei tunaijua, basi, na mapato tunayajua pia: zaidi kidogo ya dola bilioni 1.04 katika majumba ya sinema duniani. Kwa mhasibu, habari imeishia hapo. Lakini mwombe mtu aliyezitazama filamu zote tano za mfululizo huu akusimulie kisa cha ile ya nne. Atakutajia nguva. Atakutajia Blackbeard na upanga wake. Kisha atakwama, na si kwa sababu ni msahaulifu. Fedha zote zile zilimnunua steringi, Jack Sparrow, zikashindwa kumnunulia sababu ya kuwa steringi.

Aliingia kwa mlango wa pembeni

Mfululizo huu haukutokana na kitabu wala na historia. Ulitokana na kivutio cha bustani ya burudani. Mwaka 1967 Disneyland ya California ilifungua sehemu ambayo wageni hupanda mashua na kupitishwa gizani katikati ya masanamu ya maharamia yanayokunywa, yanayoimba na kuteketeza mji. Mtayarishaji Jerry Bruckheimer na mwongozaji Gore Verbinski walipoigeuza burudani hiyo kuwa filamu mwaka 2003, wengi Hollywood walitegemea izame. Filamu za maharamia zilikuwa na nuksi tangu Cutthroat Island ya mwaka 1995, iliyopata hasara kubwa kupindukia.

Haikuzama, na sababu mojawapo ni jinsi waandishi Ted Elliott na Terry Rossio walivyoipanga kazi yao. Kisa waliwapa wengine kabisa, si Jack Sparrow. Will Turner ni fundi wa kufua panga anayempenda binti wa gavana. Elizabeth Swann ndiye binti huyo, naye amechoka kufungiwa ndani ya kasri. Barbossa ni nahodha aliyelaaniwa, hafi wala haishi, na anachokitamani kuliko dhahabu yote aliyoiba ni kuuma tufaha na kuionja ladha yake. Kila mmoja wa hao watatu ukimuuliza anataka nini, atakujibu kwa neno moja.

Jack anapita katikati yao kama balaa. Mwangalie anavyoingia kwa mara ya kwanza. Muziki unapanda, amesimama juu ya mlingoti, kifua mbele, upepo unampepea nywele kama mfalme wa bahari. Kamera inarudi nyuma, tunaona kwamba chombo chenyewe ni kimashua kinachojaa maji. Anashuka, anayatoa maji kwa ndoo, anapanda tena mlingotini, na kinapozama kabisa anakanyaga gati bila kulowa. Mkuu wa bandari anamdai shilingi moja na jina lake. Jack anampa shilingi tatu ili jina lisahauliwe, kisha anapoondoka anauchukua mfuko wote wa fedha wa mzee yule. Kwa dakika mbili tumeshamjua: mwongo, mjanja, asiye na kitu, na mwenye bahati ya kutisha.

Johnny Depp, aliyemwigiza Jack, alisema aliuchota mwendo wake kwa Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones. Wakubwa wa Disney walipoziona picha za mwanzo waliingiwa na hofu: mtu huyu amelewa, au ana nini? Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 650, na Depp akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Jack alikuwa pilipili ya mchuzi ule. Alifanya kila kilichokuwamo chunguni kiwe na ladha kali zaidi, na kwa sababu hiyo watu walitoka ukumbini wakiisifu pilipili.

Sehemu ya pili na ya tatu zilipigwa picha kwa pamoja. Ile ya 2006 ilipita dola bilioni moja, ile ya 2007 ikakaribia milioni 961. Kufikia mwisho wa sehemu ya tatu kisa kilikuwa kimekwisha kihalali. Will amekuwa nahodha wa merikebu ya wafu, anaruhusiwa kukanyaga nchi kavu siku moja kila miaka kumi. Elizabeth ameachwa ufukweni akimngoja. Barbossa ameondoka tena na merikebu ya Jack, Black Pearl. Na Jack yuko peke yake ndani ya kidau, mkononi ana ramani ya Chemchemi ya Ujana.

Kuazima kisa

Ramani ile ndiyo mlango ulioachwa wazi kwa makusudi. Disney ilinunua haki za riwaya ya Mmarekani Tim Powers iliyotoka mwaka 1987, yenye jina hilohilo la On Stranger Tides. Ndani yake mna Blackbeard, uchawi wa visiwa vya Karibi na safari ya kuitafuta chemchemi. Hamna Jack Sparrow. Studio ilichukua jina, adui na chemchemi, ikamchomeka Jack humo, na mengi yaliyobaki ikayaacha kitabuni.

Verbinski hakurudi. Alikuwa akitengeneza Rango, katuni ya kinyonga ambayo sauti yake ni ya Depp huyohuyo. Nafasi ikachukuliwa na Rob Marshall, mtu wa dansi na jukwaa, ambaye filamu yake ya muziki, Chicago, ilipata Oscar ya filamu bora. Orlando Bloom na Keira Knightley, yaani Will na Elizabeth, hawakurudi pia. Penélope Cruz akaletwa kama Angelica, mwanamke ambaye Jack aliwahi kumpenda na kumtoroka. Ian McShane akawa Blackbeard. Geoffrey Rush akarudi na Barbossa wake, safari hii akiwa na mguu mmoja.

Juu ya karatasi, huu ulikuwa mpango wa kubana matumizi. Sehemu ya tatu iliripotiwa kugharimu dola milioni 300, na uongozi mpya wa studio ulitaka nambari ipungue. Wahusika wakapunguzwa. Merikebu ya Blackbeard haikujengwa upya: walichukua ile iliyokuwa Black Pearl katika filamu mbili zilizotangulia, wakaivalisha mifupa na mafuvu. Hata hivyo picha zilipigwa Hawaii, Puerto Rico, California na Uingereza kati ya Juni na Novemba 2010, kwa kamera za 3D zilizopaswa kuburutwa hadi msituni na ufukweni. Cruz alikuwa mjamzito, na kadiri miezi ilivyosogea, dada yake Mónica alivalishwa nguo za Angelica akasimama badala yake kwenye picha za mbali. Kila tatizo lilikuwa na bei yake, na sasa tunajua jumla.

Wakati kikosi kilipokuwa Greenwich, kusini mashariki mwa London, msichana wa miaka tisa wa shule ya msingi ya jirani alimwandikia barua Kapteni Jack. Darasa lao lilikuwa likipanga kuwaasi walimu, aliandika, na wangefurahi kupata msaada wa haramia mzoefu. Depp akatokea shuleni amevaa mavazi yote ya Jack, pamoja na waigizaji wenzake kadhaa. Shule nzima ikapagawa. Akamkumbatia mwandishi wa barua, kisha akawashauri watoto kwamba leo huenda uasi usiwe wazo zuri, maana nje kuna polisi wanamwangalia. Baada ya dakika chache akaondoka.

Hivyo ndivyo Jack Sparrow alivyoundwa. Anakuja pasipotarajiwa, anavuruga shule yenye ratiba yake na walimu wake, anaondoka. Ukimfanya mwalimu mkuu, hana la kufanya.

Nani anataka nini?

Tuitazame filamu yenyewe. Kisa cha Jack kinaanzia London, anakimbizana na askari wa Mfalme George wa Pili, na vurugu zile zinachekesha kwelikweli. Kisha anajikuta ametekwa ndani ya merikebu ya Blackbeard. Blackbeard ametabiriwa kuuawa na mtu wa mguu mmoja, anaitafuta chemchemi ili aikwepe siku yake. Barbossa amekuwa afisa wa mfalme, lakini moyoni ana shabaha moja: Blackbeard aliishambulia Black Pearl, na Barbossa alilazimika kuukata mguu wake mwenyewe ili asalimike. Angelica anataka kuiokoa roho ya baba yake, ambaye ndiye Blackbeard. Wahispania nao wanaitafuta chemchemi ili waivunje, kwa kuwa ni chukizo mbele ya Mungu.

Na Jack? Jack anaijua njia. Ndiyo kazi yake katika filamu nzima: kiongozi wa watalii. Chemchemi anaitamani mwanzoni, halafu anaitamani kidogo, halafu anaiacha. Mfululizo huu ulikuwa umempa dira isiyoelekea kaskazini bali kwenye kile ambacho mshikaji wake anakitamani kuliko vyote. Katika sehemu ya nne dira hiyo inakuja kutumiwa na msaidizi wake, Gibbs, kuitafuta merikebu ya Blackbeard. Mshikaji mwenyewe hakuwa na haja nayo.

Ndiyo maana onyesho linalokumbukwa zaidi halimhusu Jack hata kidogo. Blackbeard anahitaji chozi la nguva ili maji ya chemchemi yafanye kazi. Usiku, katika ghuba yenye mnara wa taa, anawatupa mabaharia ndani ya mashua na kuwalazimisha waimbe, wawe chambo. Maji yametulia. Kijana mmoja anainamia ukingo wa mashua, nguva mzuri anaibuka, anamuuliza maswali kwa sauti ya upole, anaanza kuimba naye. Wenzake wanajua kinachokuja, lakini macho yamewatoka. Kisha meno yanaonekana. Marshall, mtu wa dansi, hapa yuko nyumbani: nguva wanazunguka, wanarusha kamba za mwani, wanavunja mashua kwa mpangilio wa ngoma iliyofanyiwa mazoezi. Baadhi ya walioogelea walikuwa wanamichezo wa kuogelea kwa pamoja, mikia ikaongezwa baadaye kwa kompyuta. Muda wote huo Jack anakimbiakimbia pembeni.

Onyesho la pili lenye uzito ni la mwisho, kwenye chemchemi. Barbossa amemchoma Blackbeard kwa upanga wenye sumu, na Angelica amejikata kwa upanga huohuo alipouchomoa. Wote wawili wanakufa. Jack ana vikombe viwili vya fedha na matone ya mwisho ya maji. Kimoja kina chozi, anayekinywa ataongezewa uhai. Kingine kitamnyang'anya mnywaji miaka yake yote na kumpa mwenzake. Baba anatakiwa achague kufa ili binti apone. Ananyakua kikombe alichoambiwa kina chozi, anakunywa, anamwachia binti kifo. Lakini Jack alikuwa amedanganya. Maji yanamgeuza Blackbeard mifupa, na Angelica anapona.

Hapa filamu inaamka. Uongo wa Jack, ambao kwa saa mbili ulikuwa kichekesho, unakuwa hukumu. Lakini ona unavyofanya kazi: kuna baba anayetaka kuishi, kuna binti anayetaka kumwamini, na Jack anapita katikati yao. Ni mpango uleule wa 2003. Umechelewa tu kufika.

Adui wa kweli

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba adui mwenye kisa chake alikuwepo tayari. Blackbeard alikuwa mtu wa kweli, Mwingereza aliyejulikana kwa jina la Edward Teach. Novemba 1717 aliiteka meli ya Kifaransa iitwayo La Concorde karibu na kisiwa cha Martinique. Ilikuwa meli ya watumwa, imebeba mamia ya Waafrika kutoka bandari ya Ouidah, katika nchi ya Benin ya leo. Aliigeuza kuwa meli ya vita, akaiita Queen Anne's Revenge. Miezi michache baadaye aliufungia bahari mji wa Charleston kwa siku kadhaa, akateka watu mashuhuri wa mji, na fidia aliyoidai ilikuwa sanduku la dawa.

Haramia mwenye meli kubwa kuliko wenzake, anayeutisha mji mzima, halafu anaomba dawa: hapo pana maswali ya kumtosha mwandishi wa filamu. Aliuawa Novemba 1718 huko Ocracoke, North Carolina, katika mapigano na askari wa Luteni Robert Maynard, na kichwa chake kikaning'inizwa mbele ya chombo cha Maynard. George wa Pili, mfalme tunayemwona katika filamu, alikalia kiti cha enzi miaka tisa baada ya hapo. Mabaki ya meli ya Blackbeard yaligunduliwa mwaka 1996, na mwaka 2011, filamu ilipokuwa ingali kwenye kumbukumbu za watu, North Carolina ikatangaza kwamba haina shaka tena kuwa ndiyo yenyewe.

Filamu iliyaacha hayo, ikampa upanga wa uchawi unaozifanya kamba za merikebu zitembee kama nyoka, na mabaharia waliofufuliwa wakiwa mizoga. Waafrika waliokuwa chini ya sitaha ya La Concorde hawatajwi. Si kosa kwa filamu ya burudani kubuni. Kosa ni kubuni kitu kidogo kuliko kilichokuwepo.

Nani aliilipia?

Wahakiki waliokubaliana na filamu hii walikuwa kama theluthi moja tu. Nyumbani Marekani iliingiza dola milioni 241, wakati sehemu ya tatu ilikuwa imeingiza milioni 309. Kwa kipimo cha zamani hiyo ni filamu inayoshuka. Lakini nje ya Marekani ilizoa milioni 804.6, kiasi ambacho hakuna filamu iliyotangulia katika mfululizo huu iliyokifikia. Japani peke yake ilitoa zaidi ya milioni 100. Zaidi ya robo tatu ya mapato yote yalitoka kwa watu wasio Wamarekani.

Sababu si ngumu kuziona. Tiketi ya 3D ilikuwa ghali kuliko ya kawaida, na miaka ile, baada ya Avatar, watu walikuwa bado na hamu ya kuvaa ile miwani. Kumbi mpya zilikuwa zikifunguliwa kwa kasi China na Urusi. Na Jack Sparrow hahitaji mkalimani: anavyokimbia mikono ikining'inia, mtoto wa Osaka na wa Moscow wanacheka pamoja. Hapo hatujawahesabu waliomwona katika vibanda umiza vya Dar es Salaam au kwa diski za kurudufu Nairobi, ambao shilingi zao hazikufika California.

Kwa hiyo studio haikukosea hesabu. Ilijua kwamba sura inayofahamika huuzwa kokote, na ikaiuza. Ilichokosa kukijua ni kwamba sura huchakaa. Sehemu ya tano ilipotoka mwaka 2017, watengenezaji walirudia mpango wa zamani bila kificho: kijana, ambaye ni mtoto wa Will na Elizabeth, msichana mwenye siri ya ukoo, na Jack katikati yao. Hata Will na Elizabeth walionekana kidogo. Mapato yalishuka hadi karibu milioni 795, Marekani yakawa kama milioni 172. Mchuzi ulirudishwa, lakini watazamaji walikuwa wameshazoea kulishwa pilipili tupu, na ulimi ulikuwa umekufa ganzi.

Watengenezaji wa filamu wa kwetu, waliokuwa wamezoea kukikata kisa kimoja vipande viwili ili diski ziuzwe mara mbili, wana mengi ya kujifunza hapa kuliko wanavyodhani. Mhusika anayependwa si kisa. Kabla hujaandika sehemu ya pili, ya tatu au ya nne, mwulize steringi wako anataka nini, na nani anamzuia. Akikosa jibu, mwache apumzike. Disney ilikuwa na dola milioni 410 na haikulipata jibu hilo. Wewe mwenye bajeti ndogo huwezi kumudu kuanza bila kuwa nalo.